Whisky ya mahindi: juu ya nini banatia malti ya shayiri mule ndani?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu na bayaya bote. Niko na ulizo moja, na minaomba muntu mwenye anajua kweli bintu bya kupika pombe njo anijibu, aiko paka kukisia.

Nilisoma kama whisky ya Marekani ile banaita bourbon, sheria ya kule inaomba mahindi isipunguke 51% mu nafaka yote yenye banapika. Jack Daniel's, ile whisky ya Tennessee, yeye anafika mahindi 80%, halafu malti ya shayiri (shayiri yenye bameotesha na kukausha) 12% na ile nafaka ingine banaita segle 8%. Sasa minajiuliza, kama mahindi njo inabeba kazi yote vile, juu ya nini banaangaika kutafuta ile shayiri kidogo? Haiwezekane kupika mahindi, kuacha ipoe, kutia levire (hamira), inachacha, kiisha? Na tena banasema ile malti hauitie wakati uji iko natokota, unangoja ipoe mpaka ku digri 65 hivi, na ukipitisha moto unaharibu byote. Ile 65 inatokea wapi?

Kingine. Mama mudogo wangu anapikaka munkoyo hapa Katuba. Anapika uji ya mahindi ya nzito, anaitosha ku mbabula, anaacha ipoe kidogo, anatia mizizi ya munkoyo yenye amepondaponda. Unakaa pale unaangalia kwa macho yako: ile uji yenye mwiko ilikuwa inasimama ndani inaanza kulegea, inakuwa sawa maji, na utamu inaingia bila ata kijiko moja ya sukari. Mi nafikiri ni kintu kimoja na ile malti ya Bazungu lakini siko hakika. Niko namaliza agronomi, natafuta kujua sababu, aiko kupika lutuku (pombe kali ya kienyeji) ya kuuzisha.

Birere_City (Goma)

Ndugu yangu, hapa kwetu wale wanapika kanyanga, pombe kali ya kienyeji, wanatia sukari na levire mu bido (jerikeni), siku chache imeiva, mambo ya malti hakuna. Mahindi ni ya kuleta harufu tu. Tia sukari utafika haraka.

FundiKadutu (Bukavu)

@Birere_City ile inatoa alkoli ndiyo, lakini haiko whisky. Ukitia sukari ya duka, levire inakula ile sukari, na mahindi inabaki mu chini ya bido na amidoni (wanga) yake yote, haikuguswa. Whisky ni lazima alkoli yote itoke mu nafaka yenyewe. Njo pale kazi yote iko, na njo pale ujuzi uko. Na bale bazee ba kanyanga ya zamani bahakuwa na sukari ya kutupa, bamama balikuwa banaotesha mahindi kwanza, banaanika, banatwanga, njo banachanganya na mihogo ao na mahindi ingine. Sukari ya duka ni njia ya haraka imekuja nyuma.

Sasa @MwanaKatuba. Mi nimetumika miaka mingi mu izini (kiwanda) ya pombe, upande wa kupikia nafaka, nitakueleza polepole.

Levire haiwezi kula amidoni. Haiwezi kabisa. Inakula sukari ndogondogo tu, na amidoni ni sukari elfu na elfu zimeshikamana mu mnyororo moja mrefu, haiwezi kupita mlango ya levire. Kwa hiyo ukipika mahindi yako, ikapoa, ukatia levire peke yake, unaweza kungoja mpaka uchoke. Itakuwa kali ya kuchacha juu ya mikrobi ya hewa, uji itaoza, lakini alkoli ya maana hautaiona. Lazima kwanza kitu kingine kivunje ule mnyororo. Kile kitu ni enzimi, na enzimi inatoka mu mbegu yenye imeota.

Waza mbegu ya shayiri iko mu udongo. Mvua inanyesha, inaingia maji, inajua wakati umefika. Ile amidoni yote yenye iko ndani ni akiba ya kulisha kale kamche, lakini kamche nako hakawezi kula amidoni, kanataka sukari. Njo mbegu yenyewe inatengeneza enzimi ya kuvunja akiba yake. Mutu wa malti anafanya nini? Analoweka shayiri, anaitandaza, anaigeuzageuza isishikane na isichemke, anaiacha iote siku tano ao sita hivi, mzizi unatoka, na mbele mche haujamaliza akiba anasimamisha yote na hewa ya moto. Ya polepole, haiko ya kuchoma. Mbegu inakufa, enzimi inabaki nzima, inalala tu. Ukiisaga na kuitia mu maji ya vuguvugu kali, inaamuka na kuendelea na kazi yenye ilikuwa inafanya mu udongo, sema sasa inaifanya mu sufuria yako. Bafaransa babili, Payen na Persoz, njo balitosha kile kitu mu malti mu mwaka 1833 na kukiita diastaze. Mbele ya pale batu balikuwa banakitumikisha miaka maelfu bila kukipa jina.

Na malti ya shayiri haivunji tu amidoni yake, iko na enzimi ya kuzidi, inaweza kuvunja na ya wengine. Njo sababu 12% inatosha kulegeza mahindi yote. Mahindi ya bourbon haijaota, haina enzimi, inaleta tu amidoni. Shayiri njo inaleta mkono wa kazi.

Sasa ile 65 yako. Mu malti muko enzimi mbili kubwa. Moja banaita alfa, ingine beta. Alfa inakata mnyororo fasi yoyote, katikati, pembeni, kama mutu mwenye anapasua muwa na panga, inatoka vipande bya kila urefu. Beta yeye anaanzia ku ncha, anatafuna mbilimbili, na kila mara anatosha sukari moja yenye levire inapenda sana, maltoze. Alfa inatumika muzuri karibu na digri 70. Beta inapenda 60 mpaka 65, ukimupeleka 70 anakufa mu dakika chache. Ukikaa chini sana, amidoni haifunguke muzuri na kazi inachelewa. Ukipanda sana, beta amekufa, alfa anabaki peke yake, unapata maji nzito yenye utamu kidogo na vipande vyenye levire haiwezi kumaliza. Pale katikati, 62 mpaka 67, bote babili banatumika pamoja: alfa anapasua, kila kipande kipya kinamupa beta ncha mpya ya kuanzia. Hii 65 haiko namba ya uchawi, ni fasi tu yenye bale babili banapatana.

Na ukitia malti mu uji yenye iko natokota umewaua bote mu mara moja, na haifufuke, ata ukingoja ipoe namna gani.

MwanaKatuba

Aksanti mukubwa, sasa naelewa ile ya levire. Lakini bado ulizo moja: kama moto inaua enzimi, juu ya nini mahindi yenyewe banaitokosha kwanza? Na nilisikia mu Uskochi banatumikisha shayiri peke yake na habaitokoshe kabisa.

FundiKadutu (Bukavu)

Juu amidoni ya mbichi iko imefungwa. Iko mu vichembe vigumu, enzimi inazunguka pembeni bila kupata pa kuingilia. Lazima moto na maji byifungue kwanza, ivimbe, ipasuke, ile tu yenye unaona ukisonga bugali, bunga inakunywa maji na kushikana. Ya shayiri inafunguka kuanzia digri 60 hivi, kwa hiyo mule mule mu 64 inafunguka na enzimi inaikula papo hapo, hakuna haja ya kutokosha. Ya mahindi iko mkaidi, inaomba kupita 70, na kama umeisaga makubwamakubwa inaomba moto zaidi na wakati zaidi. Kwa hiyo Bamarekani banafanya kwa ngazi: mahindi inapikwa kwanza karibu na kutokota, inapoa kidogo njo segle inaingia, inapoa tena mpaka 65 hivi njo malti inaingia ya mwisho. Kila nafaka na saa yake.

Baskochi bale ba single malt, wao ni shayiri yenye imeota tu na maji na levire. Na sheria yao ya 2009 iko kali: kuvunja amidoni lazima kufanywe na enzimi ya nafaka yenyewe, hairuhusiwe kutia enzimi ya kununua mu chupa. Mi hii naiheshimu sana. Banasaga malti lakini habaifanye bunga: karibu 70% ni chenga, 20% maganda, 10% bunga. Maganda habaitupe, ni kazi yake kufanya chujio mu chini ya pipa. Ukisaga yote laini, maji haipite tena, inasimama. Kisha banamwanga maji ya kwanza karibu digri 64, inakaa, inachujika. Maji ya pili ya moto zaidi, 70 na kitu, inasukula sukari yenye imebaki. Ya tatu inapita 80, lakini ile haiendi ku levire, sukari yake ni kidogo sana, banaiweka inakuwa maji ya kwanza ya upishi wa kesho. Hakuna tone yenye inatupwa. Tona moja ya malti inatoa karibu litri 400 za alkoli safi, na huwezi kufika pale kama unatupa maji ya tatu.

Bamarekani hawachuji. Uji yote na makapi yake inaenda mu pipa ya kuchachia, na kutoka pale mu alambiki (chombo cha kutosha alkoli kwa mvuke) ya mnara yenye mvuke inapita ndani, makapi haiwasumbue. Mskochi na alambiki yake ya shaba, zamani moto iko chini, akitia makapi yataungua na whisky yote itanuka moshi mbaya. Unaona, namna ya kupika inaamuliwa na chombo yenye iko mbele.

Kitu kingine chenye mi kama mutu wa bia kinanipendezesha. Sisi mu bia, maji tamu ikiisha kuchujwa tunaitokosha na hopu, enzimi zote zinakufa pale. Njo sababu bia inabakiaka na mwili na utamu kidogo. Whisky habaitokoshe. Maji inapoa na enzimi zingine ziko bado hai ndani, zinaingia pamoja na levire, na zile siku mbili tatu za kuchacha zinaendelea kukata vipande vyenye vilibaki. Levire inapata chakula mpaka mwisho. Inatoka kavu, alkoli 8% hivi, tayari kwa alambiki.

Mama_Kenya_Lshi (Lubumbashi)

Mwanangu @MwanaKatuba, mi napikaka munkoyo tangu nilikuwa mutoto mukono ya mama yangu, huku ku komine ya Kenya, acha nikuambie na mi yenye najua.

Ile yenye fundi anasema juu ya moto ni kweli kabisa, sisi tunaijua bila termometri. Uji ikitoka ku mbabula hautie muzizi pale pale. Ukitia iko naruka bado, muzizi inaiva, na uji inabaki uji, ata ulale mpaka asubui haitalegea. Ukingoja ipoe sana nayo, inashikana, muzizi haina nguvu tena. Mi natia kidole: kama nakitosha mara moja, bado. Kama nakiweka na naanza kuvumilia lakini siwezi kukiacha, njo saa yake. Na muzizi yenyewe ukikata uangalie ndani, ile ya muzuri iko na nyuzinyuzi nyingi, tunaiponda mpaka inakuwa sawa kamba zimefumuka, juu nguvu inatoka pale. Ya kukauka miezi inatumika bado, lakini unaongeza kipimo.

Nakoroga upande moja, polepole. Mbele ya kuona kwa macho nasikia mu mukono, mwiko inakuwa nyepesi. Natosha mizizi, nachuja, naacha ilale. Kesho yake ni tamu, batoto banakunywa. Siku ya pili ya tatu inaanza kuwa kali na bababa njo banaitafuta. Na mi naongezaka kikombe moja ya munkoyo ya jana mu ile mpya, inaharakisha.

Kwa hiyo mi nauliza fundi: ule muzizi na ile malti ni kitu moja?

FundiKadutu (Bukavu)

Mama, shikamoo, na aksanti sana, ile ya mwiko kuwa nyepesi mu mukono mbele ya kuonekana ni ujuzi wa kweli. Mu izini tulikuwa tunaiona ku motere ya kukorogea, umeme yenye inakula inashuka uji ikilegea. Ni kitu kimoja tu, wewe unaisoma ku mukono.

Ndiyo, kazi ni moja. Mizizi ya munkoyo iko na enzimi za familia moja na zile za malti, zinavunja amidoni ya mahindi. Tofauti ni kama shayiri inaitengeneza juu ya kuota, na ule mzizi iko nayo tayari bila kuotesha kitu. Kwa hiyo mutu mwenye alivumbua munkoyo alipata njia ya kuruka kazi yote ya malti, kuloweka, kuotesha, kukausha. Kwangu ile haiko ndogo. Na kipimo chako cha kidole, kile kiko karibu na digri 50, kidogo juu, na njo pale ile mizizi inapenda, chini kidogo ya malti ya shayiri.

Na haiko ninyi tu muliruka malti. Mu Marekani mwaka 1894 Mjapani mmoja, Takamine Jōkichi, alipata patenti ya diastaze yenye alitoa mu koji, ile kuvu Wajapani wanatumikisha kupika sake. Alikuwa ametaka koji ichukue fasi ya malti mu whisky, alijaribu kule Peoria, Illinois. Whisky yake haikuendelea lakini enzimi yake iliuzwa kama dawa ya tumbo.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Habari za wote. Nafundisha kemia, naomba kuongeza mambo matatu hivi kwa sababu naona mumefika mahali pazuri.

Kwanza ile sour mash ya Kentucky, watu wengi wanafikiri ni sawa na kikombe cha munkoyo ya jana cha mama. Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Kule wanachukua yale maji yanayobaki chini ya alambiki baada ya alkoli kutoka, wanayarudisha kwenye upishi mpya, mara nyingi robo hivi ya maji yote. Lakini yale maji yametokota kwenye alambiki, hakuna kitu hai ndani. Hayaleti levire, yanaleta ukali tu, asidi. Maji ya Kentucky yanapita kwenye mawe ya chokaa, asidi yake iko chini, na enzimi zinapenda pH (kipimo cha asidi) ya 5.2 mpaka 5.6 hivi, kwa hiyo ile asidi inaweka mambo sawa na inawazuia bakteria wageni. James Crow, Mskochi aliyehamia kule, ndiye aliiweka kwenye utaratibu wa vipimo miaka ya 1830. Kikombe cha mama kinaleta vijidudu hai vya jana vianze kazi leo. Kimoja kinatengeneza mazingira, kingine kinaleta wafanyakazi.

Pili, namna ya kupata 65 bila termometri. Huku Goma tuko juu, mita 1,500 hivi, Bukavu vilevile, maji yanatokota kwenye 95 si 100. Lubumbashi ni 96. Kwa hiyo chukua vipimo viwili vya maji yanayotokota na kimoja cha maji ya kawaida, sema ya 20: 95 mara mbili ongeza 20 ni 210, gawanya kwa tatu, unapata 70. Ukitia malti ya kusaga kilo moja kwa litri tatu, bunga la baridi linanyonya joto, unashuka 64 ao 65. Sufuria ipashe moto kwanza, la sivyo nayo itanyonya yake. Funika na blanketi saa moja ao saa na nusu. Inafanya kazi vizuri kabisa na wanafunzi wangu wanaipenda kwa sababu hesabu na mkono vinakubaliana.

Tatu, kujua kama amidoni imeisha: iyode. Ile dawa ya kidonda ya farmasi inatosha. Toa tone la ule uji ulichujwa, weka kwenye sahani nyeupe, ACHA IPOE, hii watu wanaisahau, iyode kwenye kitu cha moto haionyeshi rangi na utafikiri umemaliza. Tia tone la iyode pembeni yake vigusane. Ikiwa bluu-nyeusi amidoni bado ipo. Ikiwa nyekundu-kahawia uko katikati, mnyororo umekatika lakini vipande bado virefu. Ikibaki rangi ya iyode yenyewe, ya njano-kahawia, kazi imeisha. Lile tone la majaribio unalitupa, usilirudishe kwenye sufuria.

Birere_City (Goma)

Nimesoma yote, mwalimu na fundi nawashukuru, sikujua kama mahindi kwenye kanyanga ya sukari inabaki vile. Sasa kwa nini sisi huku tusitumie mtama? Mahemba, ndiyo mtama wetu, inazaa vizuri huku Kivu kuliko shayiri, na mama zetu wanaiotesha tayari kwa musururu, ile pombe ya mtama.

FundiKadutu (Bukavu)

Inawezekana, na batu bameifanya kwa ukubwa. Nigeria ilikataza kuingiza shayiri kuanzia 1988, izini zote za bia zikalazimika kuhamia ku mtama na mahindi, na bia haikuisha mu nchi. Lakini mtama uko na ugumu wake na ni vizuri uujue.

Amidoni yake inafunguka kwenye moto wa juu, karibu kama mahindi ao kupita. Na malti yake iko na beta kidogo kuliko shayiri. Kwa hiyo ukifanya kama Mskochi, 64 moja kwa moja, nusu ya amidoni inabaki imefungwa. Ukipandisha moto juu ya kuifungua, unaua enzimi. Dawa yake ni hii: loweka malti ya mtama yenye umesaga mu maji ya vuguvugu, digri 45 hivi, acha itulie. Enzimi inaingia mu maji ya juu. Chota yale maji ya juu uyaweke pembeni, usiyapashe moto. Yale mazito ya chini uyatokoshe mpaka yawe uji. Acha yapoe mpaka 65, njo urudishe maji yako ya pembeni. Enzimi nzima inakuta amidoni iliyofunguka. Mi naona ni njia yenye akili sana na haiombe mashini yoyote.

Angalisho mbili. Mtama mwekundu, ule wenye ndege hawaupendi, uko na tanini mingi, inashika enzimi na kuilemaza. Kule Kabale, Uganda, ku obushera, banaloweka ule mtama na majivu mbele ya kuuotesha, na ile inapunguza tanini. Na ingine, hii ni ya afya: mche na mizizi ya mtama wenye umeota iko na kitu chenye kinatosha sumu ya sianidi. Ukiisha kukausha, sugua kwa mikono mpaka ile mizizi na vimche vikavu vikatike, pepeta, tupa. Bamama banafanyaka hii toka zamani, msiwaulize juu ya nini banapoteza wakati.

Mama_Kenya_Lshi (Lubumbashi)

Ni kweli, tunapepeta. Na batoto bakitaka kutafuna ile miche tunabakataza.

Lakini mi naomba museme na juu ya lutuku yenye inaua batu. Huku kila mara tunasikia.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Asante mama kwa kuuliza. Metanoli ndiyo inapofusha na kuua, na kwa sehemu kubwa inatoka kwenye pektini, ile ya matunda na ndizi. Nafaka ina pektini kidogo sana, kwa hiyo upishi wa mahindi na malti wenyewe unatoa metanoli kidogo kabisa. Zile pombe zinazoua watu kumi kwa siku moja, mara nyingi mtu ametia alkoli ya viwanda ndani ili iwe kali kwa bei ndogo. Na wale wanaosema ukimwaga kikombe cha kwanza cha alambiki umeshatoa sumu yote, wanadanganya, metanoli inatoka kidogo kidogo mpaka mwisho. Tena kuna bido zilizobeba dawa za shamba, radiateri za gari zilizounganishwa na risasi, hizo nazo ni sumu. Ladha haitakuambia kitu. Kupika pombe kali bila ruhusa ni kosa mbele ya sheria pia. Uji mtamu na munkoyo unaweza kujifunzia nyumbani kwa amani, na kemia yote unaipata pale, alambiki hauihitaji.

MwanaKatuba

Aksanti bote, mama zaidi. Sasa najua kazi yenye nitafanya ya kumalizia masomo: nitapika uji moja ya mahindi na mama mudogo, nagawanya mu vikombe viwili ku moto moja. Moja natia muzizi mubichi wa kupondwa, ingine natia muzizi wenye nimetokosha kwanza. Kisha iyode kila dakika kumi. Kama ni enzimi kweli, ule wa kutokosha utabaki bluu mpaka mwisho.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Fanya vikombe vitatu. Cha tatu usitie mzizi wowote, tia maji tu kwa kipimo kile kile, kwa sababu mzizi una maji yake na mtu anaweza kukuambia uji umelegea kwa sababu ya maji. Na vyote vitatu viweke ndani ya beseni moja la maji ya moto, digri 50 na kidogo, usiache kimoja kipoe mbele ya vingine.

Mama_Kenya_Lshi (Lubumbashi)

Na muzizi uponde siku ile ile. Kama hauna wa muzuri uje kwangu nitakupa.